Admini Ukinyamaza, Umeshachagua Upande

Kuna ushauri uliozagaa kila mahali watu wanapojadiliana mtandaoni: ukiona mtu anachokoza, usimjibu, atachoka mwenyewe. Wanaoutoa wana nia njema, na mara nyingi huukazia kwa methali, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nimekuwa nikisimamia makundi ya majadiliano kwa muda sasa, na sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, ushauri huu umeua makundi mengi kuliko wachokozi wenyewe.

Si kwamba ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mfumo wa majadiliano ya maandishi ambao miaka ya 1980 na 1990 uligeuka kuwa baraza la watumiaji wa kompyuta wa nchi nyingi. Makundi yake mengi hayakuwa na msimamizi wa kumtoa mtu. Lakini programu za kusomea zilimpa msomaji orodha yake mwenyewe ya kuchuja: ukishaandika humo jina la msumbufu, maneno yake hayakufikii tena. Kwa hiyo ukiambiwa "mpuuze", ulikuwa unaambiwa ufanye jambo, na ukishalifanya unapumua.

Sasa jaribu hivyo kwenye kundi la WhatsApp. Ukimzuia mtu, hawezi tena kukupigia wala kukuandikia wewe binafsi, lakini anachoandika kundini bado unakiona. Mwanakundi wa kawaida amebakiwa na mawili: avumilie au aondoke. Ushauri tumeurithi, nyenzo iliyoufanya ufae hatukuirithi. Anayeweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine na kumtoa mhusika ni admini peke yake, na ndiyo maana ukimya wa admini haufanani na ukimya wa mtu mwingine yeyote humo ndani.

Kundi mojawapo ninalosimamia ni la watu wanaojifunza kushona nyumbani. Siku moja mwanachama mgeni aliweka picha ya kitambaa. Upande wa juu mshono ulikuwa umenyooka vizuri, upande wa chini nyuzi zimejikusanya fundo juu ya fundo. Akauliza bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ina shida gani. Mafundi wanaijua hiyo: mara nyingi fundo la chini linatokana na uzi wa juu. Mtu ametunga uzi huku mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa umeshushwa, uzi haukukaa katikati ya visahani vinavyoukaza, basi unamwagika chini ovyo. Unainua mguu, unachomoa uzi, unatunga upya. Jibu lenyewe ni la mstari mmoja.

Kabla halijafika, jamaa mmoja akaandika: "Cherehani si ya kila mtu. Wengine uzeni tu mpumzike." Zikafuata emoji za kucheka. Mtu akamtetea mgeni. Mwingine akasema ulikuwa utani, watu wa siku hizi hawataniwi. Mtetezi akaulizwa yeye ameshona nini cha maana. Punde si punde suala likawa nani fundi kweli na nani anajifanya, na kuna watu walioanza kutumiana maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Jibu sahihi lilitolewa, tena na picha ya vile visahani vikiwa vimezungushiwa duara jekundu. Lilipita katikati ya vurugu, hakuna aliyelisoma. Aliyeuliza hakuandika neno jingine, na usiku huohuo akatoka.

Tangu mwaka 2022 WhatsApp haimtangazii kila mtu kwamba fulani ametoka, taarifa inamfikia admini tu. Ni badiliko jema kwa anayetaka kuondoka bila kuulizwa maswali. Ila limefanya hasara anayoileta mchokozi isionekane na wanakundi wengine. Wanakundi wanaona mabishano yameisha, kesho yake watu wanasalimiana, wanasema mambo yametulia. Admini ndiye anayearifiwa ni akina nani hawapo tena, na karibu kila mara ni wale wageni, wapole, waliokuja na swali la kweli. Wale waliozoea kurushiana maneno hawaondoki. Kundi likiachwa hivyo kwa muda, wanabaki wenye ngozi ngumu na wachokozi, na hao wanadumu pamoja vizuri tu.

Ile methali inamfariji ng'ombe aliyefika mtoni. Mimi nawafikiria waliosikia chura wakageuzia njiani.

Hata hivyo si kila msumbufu ni mchokozi wa kazi hiyo. Kuna mbishi aliye sahihi anayesema vibaya. Kuna mgeni asiyejua taratibu. Na kuna mtu wa kawaida kabisa aliyeamka na siku mbaya, na huyu ndiye tunayemsahau. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell walichapisha jaribio lililohusisha watu 667. Kwanza waliwapa mtihani mfupi, baadhi mwepesi, baadhi mgumu wa kuudhi. Kisha kila mmoja akasoma makala na kuandika maoni yake chini yake, baadhi wakikuta maoni ya kistaarabu yametangulia, wengine wakikuta ya uchokozi. Waliofanya mtihani mwepesi na kukuta maoni ya kistaarabu, asilimia 35 ya walichoandika kilikuwa cha uchokozi. Waliofanya mtihani mgumu na kukuta uchokozi umetangulia, ikapanda hadi asilimia 68. Watu ni wa aina ileile, kilichobadilika ni hali ya moyo na walichokikuta.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: ujumbe wa kwanza wenye sumu una uzito kuliko yote inayofuata, kwa sababu ndio unaowaonyesha wengine kwamba hapa inaruhusiwa. Aliyeandika "uzeni tu mpumzike" alikuwa mmoja. Walioendelea baada yake walikuwa wengi, na wengi wao ni watu ambao siku nyingine hukaa kusaidia wenzao hadi usiku wa manane. Ukiufuta ule wa kwanza mapema, hujamwadhibu mtu mmoja tu, umewaokoa hao wengine wasijiingize. Ukisubiri, unaanza kutafuta nani alianza, kila mtu ana skrinshoti yake, na hapo hata uamue vipi utaonekana una upendeleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yuko mwingine ambaye sheria za kundi hazimnasi kirahisi, kwa kuwa hatukani. Anauliza kwa adabu zote. "Samahani, una ushahidi?" Ukimpa, anataka mwingine. Ukimpa huo, anasema hujajibu swali lake. Kesho anarudia swali lilelile kana kwamba jana haikuwepo, na ukimkatalia anasikitika mbele ya watu kwamba yeye alikuwa anauliza tu. Nimewahi kuona mwanakundi mwenye ujuzi mkubwa akimjibu mtu wa namna hii siku nzima kwa uvumilivu wa ajabu, halafu akanyamaza moja kwa moja, hakuchangia tena. Huyu mtu simhukumu kwa sentensi moja, kwa sababu kila sentensi yake ni safi. Napanda juu nasoma alichoandika wiki nzima. Kama majibu hayajawahi kumsogeza hata hatua moja, basi hakuja kutafuta majibu.

Kuhusu cha kufanya, nina msimamo mmoja: sheria ziwe chache, ziandikwe, na zionekane kabla mtu hajaandika. Watu wanadhani sheria zinawafukuza wageni. Mwaka 2019 mtafiti J. Nathan Matias alichapisha jaribio kwenye kundi kubwa la sayansi la Reddit, mtandao wa majadiliano, katika mijadala 2,190. Katika baadhi ya mijadala, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, tangazo la sheria liliwekwa juu kabisa. Mingine iliachwa bila tangazo. Penye tangazo, kiwango cha wageni kufuata sheria kilipanda kwa zaidi ya pointi nane za asilimia, na ushiriki wa wageni ulipanda kwa wastani wa asilimia 70. Kumbe mgeni akijua kwamba mahali pana mwenyewe, anapata moyo wa kufungua mdomo.

Baada ya hapo, mengi hufanyika inboksi. Nafuta ujumbe kwanza, maana unaonekana na wote, halafu namfuata mhusika pembeni namwambia nimefuta nini na kwa nini. Simwaibishi kundini. Mchokozi wa kweli anatafuta jukwaa, ukimkemea hadharani umemjengea. Na yule aliyeteleza tu ukimkemea mbele za watu, lazima ajitetee ili asionekane mdogo. Inboksi wengi wanasema "samahani, nilikuwa nimevurugwa", yanaisha. Akirudia, anaonywa mara ya mwisho. Akirudia tena, anatoka, na kundi zima linaambiwa kwa sentensi moja kwamba ametolewa kwa sheria fulani. Hapo hakuna mjadala. Wale wanaoamini dawa ya moto ni moto, wakataka tumshambulie hadi akome, nawaomba waache, kwa kuwa kelele zao na zake kwa mgeni ni kelele moja.

Naambiwa huo ni ukandamizaji wa uhuru wa maoni. Nauheshimu uhuru huo kuliko wanaonilaumu wanavyodhani, na ndiyo maana sikubali wachache wautumie kuwanyamazisha wengi. Mtu niliyemtoa bado ana simu yake, ana kurasa zake, anaweza kuanzisha kundi lake leo hii. Yule aliyedhihakiwa kwa swali lake ndiye aliyenyang'anywa sauti. Wengine wanasema ukimtoa anakwenda kuvuruga kwingine. Mwaka 2015 Reddit ilifunga makundi ya chuki, likiwemo moja la kudhihaki watu wanene na jingine la ubaguzi wa rangi. Watafiti walifuatilia waliokuwa humo na kukuta walioacha kabisa kutumia akaunti zao ni wengi kuliko ilivyotarajiwa, na waliobaki walipunguza lugha ya chuki kwa asilimia 80 au zaidi.

Wapo pia wanaosema dawa ni kila mtu kutumia jina lake halisi. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia mwaka 2007 tovuti kubwa zililazimika kuhakiki utambulisho wa kila aliyetaka kuandika maoni. Julai 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kwenye tovuti za Nate na Cyworld, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Isitoshe, kundini kwetu jamaa wengi wanaochokoza majina na picha zao tunaziona kila siku.

Ninachokiogopa kweli ni admini anayeyapenda mamlaka. Mwanakundi anayesema "umekosea kumtoa fulani" si mchokozi, hata akisema kwa ukali. Anayekosoa jinsi kundi linavyoendeshwa ana haki ya kusikika kuliko mtu mwingine yeyote, na mimi sigusi ujumbe unaonihusu mimi mwenyewe, nawaachia admini wenzangu waamue. Kwa sababu hiyohiyo kundi kubwa lisiwe na admini mmoja. Mtu mmoja analala, anachoka, ana marafiki zake humo ndani, na uchokozi hupenda saa ambazo hayupo. Tuwe watatu wanne, tukubaliane sheria kabla ya ugomvi, na anayetolewa ajue anaweza kukata rufaa kwa mwingine asiyekuwa aliyemtoa. Akirudi akasema alichokifanya bila kuzungukazunguka, mimi humrudisha.

Na wewe usiye admini, usidhani huna kazi. Mara nyingi wanakundi hutumiana skrinshoti wakilalamika wao kwa wao, halafu admini anapata habari watu wameshaondoka. Itume kwa admini, dakika hiyohiyo. Huku ukisubiri, mwache mchokozi na emoji zake, panda juu mpaka kwenye swali lililoulizwa, libonyeze, ulijibu palepale ili jina la aliyeuliza lionekane na taarifa imfikie kwenye simu yake.