Ukimtafuta wakili wa kesi, tazama anavyozishika karatasi zako

Kwa kesi ya deni, kiwanja au pango, ofisi ya mawakili wawili watatu karibu na mahakama ya wilaya inatosha kabisa. Viti vya ngozi havishindi kesi. Ubora wa ofisi ndogo ni kwamba anayepokea karatasi zako mara nyingi ndiye atakayesimama mahakamani, na kesi nyingi za madai hufia kwenye karatasi hizo hizo.

Kosa la kila siku hapa Tanzania: mdai anaambatisha mkataba kwenye hati ya madai, kisha anatulia. Kiambatisho si kielelezo, yaani ushahidi uliokwisha kupokelewa na mahakama. Shahidi anayeufahamu mkataba ule lazima autambue kizimbani na kuomba upokelewe. Upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi. Mahakama ikiupokea ndipo unapewa alama ya kielelezo. Hapo ndipo vurugu huanza. Umeleta nakala, halisi iko wapi? Mkataba haujalipiwa ushuru wa stempu? Hauguswi mpaka ulipiwe. Picha za ujumbe wa WhatsApp au miamala ya M-Pesa? Uhalisia wake utahojiwa, kwa hiyo wakili makini huandaa mapema kiapo kinachoeleza zilitoka kwenye simu gani na zilichapishwaje. Kwenye jinai kuna mtego mwingine: waraka uliopokelewa lazima usomwe kwa sauti mahakamani. Usiposomwa, Mahakama ya Rufani huufuta kwenye kumbukumbu, na kesi iliyoegemea waraka huo inabaki haina miguu.

Basi siku ya kwanza wakili akikuuliza ada kabla ya kuuliza “halisi ziko wapi?”, mimi ningeaga.

Swali lake la pili liwe la tarehe. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara (mtu kukuumiza au kukuharibia mali) 3, ya kurudisha ardhi 12. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzimaliza wakimbembeleza mwajiri. Unaishtaki serikali au halmashauri? Notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, la sivyo pingamizi la awali linaimaliza kesi asubuhi moja. Ukishtakiwa wewe, utetezi wa maandishi unaingia ndani ya siku 21 tangu kupokea samansi. Usikae nayo kabatini.

Udhaifu wa ofisi ndogo ni ratiba. Wakili akiitwa Mahakama Kuu siku ambayo kesi yako inasikilizwa wilayani, lazima mwenzake amshikie. Siku ya kutajwa, ambapo ushahidi hausikilizwi, si neno, lakini siku ya kusikilizwa, mtu aliyesoma jalada dakika kumi koridoni hawezi kumhoji shahidi akambana. Uliza mapema nani atashika, na je, anaijua kesi?

Vishoka, yaani mawakili bandia, bado wapo, hasa nje ya milango ya mahakama. Jina la wakili lipo au halipo kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa kuwatambua mawakili. Angalia kwa simu yako hata kabla ya kukaa.

Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi: kiasi gani sasa, kiasi gani hukumu ikitoka, nani analipa ada za mahakama na nauli za mashahidi. Na rufaa imo ndani, au inaanza hesabu upya? Kisha dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.