Kabla ya Kusifu Matanga ya Boti, Uliza Habari za Maji na Choo

Wageni wanaotutembelea kwenye boti husema jambo lilelile: nyinyi mmestarehe, hamlipi kodi, mnalala mkibembelezwa na mawimbi. Siwalaumu. Hori ya Kilifi ni nzuri kweli alfajiri, upepo wa umande unapovuma kutoka bara na maji yametulia chini ya daraja. Lakini kuishi kwenye mashua ya matanga ni kazi ya nyumba kwanza, safari baadaye. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona vijana wanaotamani maisha haya wakipiga hesabu za mlingoti na matanga, na hakuna anayeuliza maji yatachotwa na nani.

Tangi letu linachukua lita 200. Watu wawili, kila mmoja akijibana kwa lita 10 kwa siku, yaani kunywa, kupika na kujimwagia kidogo, siku 10 limekauka. Hapo unashusha madumu ya lita 20 kwenye kihori, unapiga kasia hadi ufukweni, unajaza, unarudi, kisha unayapandisha moja moja ubavuni mwa boti huku kihori kikiyumba. Kila dumu ni kilo 20. Bamvua likitoa maji mbali, unalibeba begani ukikanyaga tope. Ndiyo maana jikoni kwetu maji hutoka kwa pampu ya mguu: ukiacha kukanyaga, yanakatika yenyewe.

Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari na kusuuza kwa maji matamu kidogo. Nguo hazitaki ujanja huo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Shuka uliyoianika ikakauka mchana, usiku unailalia chepechepe. Masika yakiingia tunatandaza turubai na kukinga mvua, na hiyo ni neema kubwa. Ila madirisha yakifungwa siku nzima, kuvu inaota nyuma ya magodoro na ndani ya makabati, na unashinda unafuta kwa siki.

Chakula hakinisumbui sana. Kabichi, vitunguu, boga na ndimu hukaa bila friji, na friji ndiyo inayokula betri kuliko kitu kingine chochote chomboni. Katoni haziingii kamwe. Zinabaki nchi kavu, kwa sababu mende hutaga humo.

Gesi ndiyo inayonitia hofu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, ukifungua mlango huenda ikapata njia. Kwenye boti inateremka hadi ngamani, yaani chini kabisa ya chombo, mahali pasipo na tundu la kutokea, inakaa pale ikingoja cheche moja. Kwa hiyo mtungi unawekwa nje, kwenye sanduku lenye tundu chini linaloelekea baharini, na gesi inafungwa kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika, hata kama ni chai tu. Mabaharia wa majahazi walipika sitahani, moto ndani ya sanduku la mchanga, na mimi naona walikuwa na akili sana.

Sasa choo, ambacho watu wanaona aibu kukitaja. Kinapigwa pampu kwa mkono, kikivuta maji ya bahari na kusukuma uchafu kupitia mabomba yanayotoboa mwili wa chombo. Vali ikiachwa wazi na mpira wa ndani ukiwa umechoka, bahari inarudi taratibu. Ziko boti zilizozama zikiwa zimetia nanga kwa sababu hiyo tu. Mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi hufanya gamba gumu kama jiwe ndani ya bomba. Na kumwaga uchafu huo horini, watoto wanakoogelea na wavuvi wanakotupa nyavu, ni dhuluma. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, unazitaka meli kubwa zisimwage maji taka ghafi ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti ndogo kama zetu hazimo katika kifungu hicho, lakini tangi la kuhifadhia linawezekana, na asiyekuwa nalo ashuke akatumie choo cha nchi kavu.

Jambo jingine linaniuma. Katika boti nyingi ninazozijua, mume yuko kwenye usukani na mke yuko chini anasugua, na huyo wa juu peke yake ndiye anayeitwa nahodha. Anayejua yamebaki maji ya siku ngapi ndiye anayejua kama safari inawezekana. Kwetu kazi hizi zinakwenda kwa zamu, choo kikiwemo, na mume wangu anajua kuchokonoa bomba kama ninavyojua kukunja tanga.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, muuzaji akianza kukuonyesha matanga mapya, mwombe kwanza akuinulie mbao za sakafu uone ngama, afunge na kufungua kila vali mbele yako, kisha akuonyeshe mtungi wa gesi unakaa wapi na tangi la choo liko wapi.