Kwa nyumba ya Lushoto mi nachagua hita, na jiko la mkaa lilale nje

Ukiwa Tanga mjini ukianza kuongelea habari za kupasha nyumba joto watu watakushangaa, maana huku kwetu kinachotafutwa ni feni, na hata kusi likivuma mwezi wa saba mtu anaongeza shuka tu basi yameisha. Lakini Tanga sio Chumbageni na Raskazone peke yake jamani. Toka hapa, pita Muheza, Segera, Korogwe, ukifika Mombo kata kona uanze kuupanda ule mlima kwenda Soni mpaka Lushoto, ni kama kilometa 33 tu lakini unakuta hali ya hewa nyingine kabisa. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Magamba ni juu zaidi, kipupwe kikiingia ukungu unashuka mchana kweupe na usiku hata blanketi mbili unaona hazitoshi. Na sisi wa huku chini wengi tuna wazazi kule, tuna viwanja kule, kwa hiyo kila anayenyanyua nyumba lazima abishane na fundi wake: tuweke fayaplesi, yaani meko ya kuni ukutani yenye chimni ya kutolea moshi, au tutanunua hita ya umeme?

Mi nasema hita. Tena nasema kwa moyo wote, ila nieleweni vizuri kabla hamjanirukia.

Fayaplesi naijua utamu wake. Wajerumani enzi hizo Lushoto wanaiita Wilhelmstal walijenga nyumba zenye chimni kwa sababu walizoea baridi la kwao, na mpaka leo kuna nyumba za zamani na hoteli kule ambazo jioni zinawasha kuni ukumbini na wageni wanapenda kweli. Na Wasambaa wenyewe moto wa ndani waliujua kabla Mjerumani hajafika, meko katikati, moshi unapenya kwenye nyasi za paa, wazee wanaota na watoto wanasikiliza hadithi. Kwa hiyo mjomba akiniambia nyumba bila moto haina uhai namuelewa, simbishii hapo. Ninapombishia ni kwenye joto lenyewe.

Maana moto ule wa wazi ukutani sehemu kubwa ya joto lake linapanda na moshi linaenda nje, kinachobaki chumbani ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu. Halafu kuna jambo watu hawaliwazi, moto unapovuta hewa kupeleka juu ni lazima hewa nyingine iingie kuziba pengo, na inaingia kupitia wapi? Chini ya mlango na kwenye madirisha ya luva, yaani inaingia ileile hewa ya baridi unayoikimbia. Ndo maana ukikaa mbele ya fayaplesi uso unaungua na mgongo unatetemeka, na vyumba vya kulala huko nyuma wala havijui kama kuna moto umewashwa. Ukitaka kuni zikufae kweli unahitaji lile jiko la chuma lenye mlango na bomba lake la kutolea moshi, hilo linabana joto, ila mafundi wanaolijua kulifunga sio wengi. Na chimni inataka kusafishwa kila mwaka kwa sababu kuni mbichi zinaacha masizi mazito kama lami, yakijaa yanaweza kushika moto hukohuko juu usikoona.

Na kuni zenyewe zinatoka wapi? Kama una shamba lako la mikaratusi au migrivea unakata unapanda tena, sawa, sina neno na wewe. Lakini kila nyumba mpya ikitaka moto wa ukutani kila jioni kuanzia Juni mpaka Agosti, watu wataishia kuingia msituni tu, na msitu uliobaki Usambara ni hazina, milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale ya Tanzania na Kenya, kuna miti na viumbe pale havipatikani kwingine duniani, ndo maana Magamba ikafanywa hifadhi ya mazingira asilia. Tena maji ya milima hii yanateremka na Mkomazi na Luengera yanaingia mto Pangani, na Pangani ndo inazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya New Pangani Falls. Sasa kukata mti wa Usambara ili uote moto wakati mlima huohuo ukiachwa na miti yake unakupa maji ya kuzalisha umeme, mi inaniuma sana.

Gharama je? Watu wanaogopa hita wanasema inakula luku. Inakula ndio, lakini tupige hesabu tusitishane. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu hita ya wati 1,000 inakitosha, huna haja ya ile ya 2,000. Washa saa 2 usiku mpaka saa 4, zima, lala, washa tena saa 11 alfajiri mpaka 12 watoto wakiamka kujiandaa na shule. Hizo ni uniti tatu. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na makato, ni kama 1,070 kwa siku, mwezi mzima kama elfu 32. Ni hela, sikatai, na kama uko kwenye ile bei ya chini ya wasiovuka uniti 75 kwa mwezi ujue hita peke yake itakuvusha. Lakini ni miezi mitatu tu kwenye mwaka, na joto lote ulilolipia limebaki chumbani, halijaenda angani. Na usidanganywe dukani kwamba hita fulani inatoa joto mara mbili ya nyingine kwa wati zilezile, haiwezekani, wati 1,000 ni wati 1,000, tofauti ni kwamba ya feni inapasha haraka na ikizimwa imeisha, ile ya umeme yenye mafuta yaliyofungiwa ndani inachelewa lakini inabaki na uvuguvugu muda mrefu baada ya kuzima. Mi kwa wazee nachukua ya mafuta.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya yote, maana kule mlimani mabishano ya fayaplesi na hita ni ya wenye nafasi, walio wengi hawachagui kati ya hivyo viwili. Walio wengi wakimaliza kupika ugali wanachukua jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu wanaliingiza chumbani, wanafunga mlango na dirisha wanalala. Ndugu zangu hilo linaua. Kila kipupwe hazikosi habari za familia iliyokutwa asubuhi imelala moja kwa moja, baba mama na watoto, na jiko liko hapo pembeni limeshakuwa majivu. Na wanaodhani wako salama kwa sababu mkaa hautoi moshi ndo wako hatarini zaidi, kwa sababu kinachoua sio moshi. Ni gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozeshi mtu. Inaingia kwenye damu inashikana nayo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana, kwa hiyo unapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, yaani mtu anadhani ni uchovu au malaria inamnyemelea, na aliyelala hata hizo hazisikii. Ukiona watu wawili watatu ndani ya nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na jiko liko ndani, toeni watu nje kwanza kabla ya kitu chochote, halafu hospitali. Kuacha dirisha wazi kidogo nako msikutegemee, mtu akisikia baridi usiku ataamka alifunge. Na jiko la gesi usiliwashe ulale nalo ukiota moto, na lenyewe linakula hewa ya chumba.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi kupikia, na mi naunga mkono kabisa. Ila angalieni neno lililopo pale: kupikia. Bibi wa Mlalo ukimpa mtungi wa gesi atapikia vizuri sana, halafu jioni atawasha mkaa vilevile kwa sababu mtungi haumpi joto la kulalia. Kuota moto hakuna anayekuongelea, na kwa watu wa Lushoto, Njombe, Makete, mkaa ni blanketi pia. Natamani sana wanaopita vijijini kuhamasisha wawe wanaligusa na hili.

Najua mtaniambia umeme unakatika. Unakatika kweli, mvua ikinyesha milimani na mti ukiangukia nyaya mnaweza kulala giza, na hapo mwenye fayaplesi anacheka. Kwa hiyo kama nyumba yako tayari ina chimni nzima usiibomoe, itunze, weka kuni kavu stoo kwa siku hizo. Lakini kwa anayeanza msingi leo ile hela ya chimni naomba aipeleke kwenye silingi. Nyumba nyingi kule ni bati tupu juu, joto linapanda linagusa bati linaondoka, hapo hata uwashe hita tatu unapasha mawingu. Piga silingi, ziba mianya chini ya milango, weka pazia zito, badilisha luva uweke dirisha la kufunga kabisa, utashangaa baridi lilivyopungua kabla hujawasha chochote.

Na hita usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei rahisi pamoja na tivi na chaja za simu. Wati 2,000 zinavuta karibu ampia 9 na zile waya nyembamba zinapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Ichomeke moja kwa moja ukutani, iwe mbali na pazia na chandarua, nguo mbichi usianike juu yake. Nyumba ya zamani mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie waya na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, kabla ya Juni, na kama wazee wanaishi peke yao nunua yenye kujizima ikipinduka.