Picha ya Ukoo na Beberu wa Hombolo

Mwezi Agosti, wakati upepo wa Dodoma unapovuma kana kwamba umetumwa kudai deni, nilikwenda Hombolo kumpiga picha bibi pamoja na ukoo mzima. Kamera nilikuwa nayo kwa siku 3 tu, na stendi yake ya miguu mitatu niliiamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Ili nionekane mtaalamu, niliivuta miguu yote hadi vile vipande vyembamba vya chini, kisha nikaupandisha na mhimili wa katikati, ambao wenye uzoefu huuacha chini, kwa kuwa ukipanda sana kamera hubaki ikiyumba juu ya mguu mmoja. Hata ule mguu uliopaswa kuelekea upande wa lenzi, niliuelekeza nyuma.

Bibi aliitazama, akasema, “Mjukuu wangu, mafiga haya yamesimama kama korongo. Mimi hapo nisingeinjika hata chungu kitupu.”

Ushauri mmoja nilikuwa nimeushika: palipo na upepo, ning’iniza mzigo kwenye ndoano iliyo chini ya mhimili, nao uguse ardhi kidogo usije ukabembea. Mzigo wenyewe huwa mfuko wa mchanga. Hombolo mchanga ni wa bure, lakini mimi, kwa uvivu ambao wakati ule niliuita ubunifu, nilichukua mfuko wa mtama wa bibi, kilo zipatazo 4, nikauning’iniza, ukagusa ardhi kama ilivyoelekezwa, yaani ukawa sawasawa na mdomo wa mbuzi.

Nikatega kamera ijipige baada ya sekunde 10, nikakimbilia nafasi yangu kando ya mjomba. Kabla sijatulia, beberu wake alitokea nyuma ya zizi kwa mwendo wa mtu aliyealikwa, akaung’ata mfuko na kuuvuta. Mjomba, aliyekuwa amekaza macho kwenye lenzi, alininong’oneza, “Usitikisike, utaharibu picha.” Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, sikutikisika. Stendi iliinama taratibu kama mkwe mbele ya wakwe, mfuko ukapasuka, kuku wakawahi. Nilipojirusha kuidaka, niliambulia mguu mmoja tu. Kamera iliangukia mgongo wa beberu, ikateleza hadi mchangani, na hapo hapo sekunde 10 zikatimia.

Picha ilitoka. Ina nusu ya pua ya beberu, kiganja changu, na kwa mbali ukoo mzima ukiwa umelala upande, kila mmoja akicheka hadi magego. Bibi ameitundika sebuleni, na kila nikipiga simu ananikumbusha kilo zake 4 za mtama.