"Ongeza Mita" Si Mpango wa Maji

Juzi kwenye mazishi huko Rongai, Nakuru, mheshimiwa mmoja alipewa kipaza sauti, akawapa pole wafiwa kwa sentensi moja, kisha akatangaza kwamba kila kijiji kitachimbiwa kisima chake. Si kila wadi. Kila kijiji. Makofi yaliyopigwa pale yalitosha kuinua hema. Kando yangu alikaa mzee ambaye kisima chake kimeanza kuvuta hewa tangu kiangazi kilichopita, na ambaye sasa hununua maji ya tangi kwa ajili ya ng'ombe. Naye alipiga makofi.

Mzee huyo alipoipigia simu kampuni iliyomchimbia, jibu lilikuwa fupi: "Mzee, tuongeze mita." Yaani kichimbwe chini zaidi. Jamaa wa Njoro naye aliambiwa aongeze mita. Kuna shule moja Subukia iliyoambiwa hivyo hivyo. Na anayetoa ushauri huo hulipwa kwa mita. Ajabu kweli.

Hebu tuseme wazi kinachotokea chini. Fikirieni wazee wamezunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Aliyekuja na mrija mrefu atakunywa hadi mwisho. Wenye mirija mifupi wataanza kufyonza hewa na kuulizana kama mwenye chungu ameongeza kitu. Kuongeza mita ni kurefusha mrija, na chungu hakikui. Mvua inayonyesha Mau na miinuko ya Bahati hupenya taratibu kuja kukijaza, nasi tumekata misitu huko juu kama watu wanaodai kisasi. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilikata kipande kikubwa cha msitu wa Mau Mashariki ikakigawa mashamba. Halafu tunashangaa Mto Njoro ukigeuka njia ya mbuzi wakati wa kiangazi.

Tena Nakuru hii si mahali pa kuchimba bila kufikiri. Sote tunawajua wenzetu wa Bonde la Ufa wanaotambulika kwa meno ya kahawia kabla hawajafungua mdomo vizuri. Kinacholeta rangi hiyo ni floridi nyingi kwenye maji. Floridi hutoka kwenye miamba ya volkano, na maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo, hasa yale yanayotoka chini yakiwa na joto, mara nyingi huja na zaidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa miaka ya tisini. Basi ukiongeza mita, pima maji upya kabla hujawapa watoto. Sijasikia mheshimiwa yeyote akiahidi kipimo.

Lakini kinachonikera zaidi ni sola.

Enzi za jenereta, mkulima aliwasha pampu akihesabu. Dizeli ilimwambia basi. Waliounganishiwa stima waliambiwa basi na bili ya mwisho wa mwezi. Sola haisemi basi. Ukishamaliza kulipia paneli, kila lita inayofuata ni ya bure, na binadamu tunajijua tukipewa cha bure. Jua likichomoza pampu inaamka, likizama inalala, na katikati hakuna anayeuliza kama nyanya zimeshiba. Nimepita karibu na shamba moja mchana, tangi limejaa linafurika, maji yanashuka hadi barabarani, bata wanafurahia. Nikamuuliza kijana wa shamba mbona hazimi. Akanitazama kwa huruma: "Si ni jua tu? Haina gharama."

Pampu ndogo ya kutoa lita 3,000 kwa saa, ikipata saa 7 za jua zuri, hutoa lita 21,000 kwa siku. Hiyo ni moja. Sasa tembea kutoka Rongai hadi Lower Subukia uhesabu paneli.

Msinielewe vibaya, sitaki kumrudisha mama yeyote kwenye kubeba mtungi mgongoni ili mimi nifurahie takwimu. Sola ni neema. Ila angalia inavyouzwa: unapewa mkopo, unaletewa fundi, unavishwa fulana na kofia, unapigwa picha na mtungi wa kwanza. Mita ya maji haimo kwenye kifurushi. Boya la kuzima pampu tangi likijaa halimo. Hata miradi ya ruzuku, inayotumia kodi yetu, hugawa pampu kama pipi za Krismasi, hakuna anayerudi kuuliza kima cha maji kimeshuka kiasi gani. Mimi ningeanzia hapo hapo: pampu ya sola ya mkopo au ya ruzuku isitoke dukani bila mita ya maji na bila boya. Gharama yake ukilinganisha na pampu yenyewe ni chenji. Anayesema mkulima mdogo hataimudu ndiye huyo huyo aliyemuuzia paneli za ziada.

Kuna wanaonijibu kwamba shamba ni langu, hati ninayo, na kilicho chini ni changu. Hapana. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hati yako inakupa udongo. Maji yanayopita chini ya udongo huo yalipita kwanza chini ya shamba la jirani.

Sasa nije kwa jambo ambalo kulisema meno yananiuma. Tumezoea kuwalaumu wakulima wa maua wa Naivasha kwa kila kitu, na mengi wanastahili. Kaskazini mwa ziwa, visima vya mashamba makubwa vilivuta mpaka kima cha maji ya ardhini kikabonyea. Lakini baada ya ukame wa 2009, ziwa lilipokimbia kingo zake, watu waliketi: mashamba makubwa, wafugaji, wavuvi, mamlaka ya maji, vyama vya watumiaji maji. Wakatoka na mpango wa kugawa maji wenye rangi kama taa za barabarani: ziwa likiwa kwenye kijani vuta kibali chako, likishuka punguza, likiingia nyekundu punguza zaidi. Mashamba hayo yana mita za maji, yanavuna mvua kwenye mapaa ya vioo na plastiki, mengine hurudisha maji yaliyopita kwenye mizizi na kuyatumia tena. Hawakufanya hivyo kwa upendo. Wanunuzi wa Ulaya waliwakodolea macho. Sawa. Lakini walipima. Sisi wa huku juu, tunaowatukana, hatujui hata tumevuta kiasi gani wiki jana.

"Mbona Ziwa Nakuru limejaa mpaka likameza geti la mbuga?" Ndugu yangu, lile ni ziwa la magadi, jaribu kumwagilia sukumawiki kwa maji yake unipe ripoti. Kujaa kwake hakukuambii chochote kuhusu kisima chako cha Rongai.



Kuhusu vibali, nakubali, shingo upande: safari ya ofisi za WRA, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, si ya mtu mwenye nusu ekari, na kumlipa mtaalamu wa miamba sawasawa na mwenye ekari mia si haki. Hiyo irekebishwe. Lakini tusijifanye kibali ni karatasi tu. Solai, Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka usiku likaua zaidi ya watu 40, na baada ya mazishi ndipo mamlaka zilipojitokeza kusema mabwawa yale hayakuwa na kibali. Kisima hakiui kwa usiku mmoja, kwa hiyo hakuna atakayekuja hata kutoa taarifa.

Mimi sitaki wadogo wabanwe kwanza. Misimu miwili ya mwanzo iwe ya kupima tu, bila faini kwa yeyote. Kisha chama cha watumiaji maji kiweke hesabu hadharani barazani, mbele ya chifu, jina la shamba na lita zake. Wanaovuta nyingi wapunguze kwanza. Mahali kima kinaposhuka msimu baada ya msimu, visima vipya visimame, cha mheshimiwa kikiwemo. Na fedha za kisima hicho zinunue matangi: nyumba ya plastiki ya kulimia ya mita 8 kwa 15, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 108,000 juu ya paa lake. Hata ukipoteza moja ya tano, hizo ni lita ambazo huku hutiririka na kuchimba mifereji barabarani.

Wakati tunawasubiri wakubwa, kupima kima huhitaji kamba yenye alama na daftari. Kando ya bomba la pampu panatakiwa kuwa na bomba jembamba la kupimia. Kama halipo, mrudie aliyekuchimbia umuulize kwa nini. Zima pampu usiku kucha. Asubuhi kabla jua halijaiamsha, teremsha kamba, andika tarehe na kina. Rudia kila mwezi, na umwombe jirani afanye siku hiyo hiyo, maana kipimo cha kisima kimoja ni hadithi tu, vya visima kumi ni kitu unachoweza kumwekea mheshimiwa mezani.