Mwanafunzi apime kwanza, jibu lipo tu

Chukua sufuria ya alumini uigeuze kifudifudi mezani, na kando yake uweke kibao cha mbao. Viache humo chumbani saa moja au mbili, kisha mwambie mwanafunzi yeyote wa sekondari aviguse. Atakwambia sufuria ni ya baridi na kibao kina uvuguvugu. Sasa muulize: nikiweka kipande cha barafu juu ya kila kimoja, kipi kitaanza kuyeyuka? Wengi, wakiwemo watu wazima wenye vyeti vyao, watasema cha kwenye mbao. Wala hawaoni cha kubishania hapo. Mbao ina joto, sufuria ina baridi, basi.

Weka barafu. Muda si muda ile ya kwenye sufuria inaelea juu ya maji yake yenyewe, na ya kwenye mbao imekaa tu kama haijaambiwa kitu.

Maelezo yake si magumu. Sufuria na kibao vimekaa chumba kimoja, kwa hiyo halijoto yao ni moja. Mkono si kipimajoto. Unachohisi ni kasi ya joto kutoka mkononi kwenda kwenye kitu unachokigusa. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao, kwa hiyo inakunyang'anya joto upesi na wewe unasema ni ya baridi. Ikifika zamu ya barafu, alumini hiyohiyo inaipelekea joto la chumba kwa kasi ileile. Sifa moja ya alumini, matokeo mawili yanayoonekana kupingana.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi katika jaribio hili ni ile nusu dakika kabla barafu haijawekwa, pale mwanafunzi anapobashiri na kujifunga kwa kauli yake. Aandike kabisa kwenye karatasi, maana mdomo una tabia ya kusahau ulichosema. Akishakosea kwa maandishi, hahitaji mtu wa kumbembeleza asikilize maelezo. Atayadai mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vijana wa siku hizi hawana udadisi. Wanao. Mtoto anauliza kwa nini mbu huyu kamng'ata yeye akamwacha mwenzake, kwa nini sauti ya ngoma ya mbali hufika baada ya fimbo kushuka, kwa nini moshi wa mshumaa uliozimwa hushika moto tena ukiusogezea kiberiti hata kabla hujagusa utambi. Shida ni kwamba sisi tulio karibu naye tuna haraka ya kujibu. Na tusipojibu sisi, simu inajibu. Jibu likishafika, swali limekwisha, na mtoto anabaki na sentensi ambayo hana njia ya kujua kama ni ya kweli isipokuwa kwa kumwamini aliyeisema.

Chukua huo mshumaa. Unaweza kumwambia mwanafunzi kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, wala si utambi, akaitikia na kuendelea na shughuli zake. Au unaweza kumwachia mshumaa, kiberiti na mtu mzima mmoja wa kusimamia. Azime, asogeze kiberiti kinachowaka kwenye ule uzi mweupe wa moshi, sentimita moja au mbili juu ya utambi, aone mwali ukirukia chini wenyewe. Akiona hivyo mara moja atataka kujua umbali wa mwisho ambao mwali bado unaweza kuruka. Atachukua rula. Hapo ndipo sayansi inapoanza, mtu anapochukua rula bila kutumwa.

Sasa tuje shuleni, maana lawama nyingi zangu ziko huko. Maabara nyingi za shule hufanya majaribio ambayo jibu lake lilishaandikwa kitabuni kabla mwanafunzi hajafungua kabati la vifaa. Matokeo yake kila aliyesoma sayansi anayajua: kupika data. Mwanafunzi anaanza na jibu, anarudi nyuma, anatunga vipimo vinavyolifikia. Anapata alama zote. Tumemfundisha kwa miaka kwamba uongo ulionyooka una thamani kuliko kipimo cha kweli kilichopinda.

Mfano unaoniuma ni ule wa pendulamu. Funga kichupa kidogo cha maji kwenye uzi, kining'inize, kivute kidogo pembeni, kiachie. Uzi wa mita 1 huchukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Ukipima muda wa mara 20 na kugawanya, kwa saa ya kwenye simu tu, unaweza kukokotoa mchapuko wa uvutano wa dunia, yaani jinsi kitu kinachoanguka kinavyoongeza kasi, ile namba 9.8 ya kwenye vitabu. Yaani kwa uzi na kichupa unapima kitu kinachoishikilia dunia nzima miguuni pake. Mimi bado naona ni maajabu.

Basi mwanafunzi anapima: uzi sentimita 96, mara 20 kwa sekunde 40.1. Anakokotoa, anapata 9.4. Anatazama kulia, kushoto, anafuta, anaandika 9.8. Amefuta kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa kwenye ukurasa ule. Hiyo 9.4 ilikuwa inamwambia jambo. Alipima uzi mpaka kwenye fundo, shingoni mwa kichupa, na pendulamu haijali fundo liko wapi; inachojali ni kitovu cha uzito. Kichupa cha urefu wa sentimita 8 kilichojaa maji kina kitovu chake karibu sentimita 4 chini ya fundo. Ongeza hizo 4, urefu unakuwa mita 1, na hesabu inatoa 9.8 bila kuchezewa. Mwalimu ambaye angemwuliza tu “hizi sentimita 4 zimeenda wapi?” angekuwa amefundisha zaidi ya mada nzima. Na kama angebaki na muda wa kumwambia abadili uzito wa kichupa bila kubadili urefu, akaona muda haubadiliki, kijana asingelala usiku ule.

Kisa cha Erasto Mpemba wengi mnakijua, lakini naona tunakisimulia vibaya. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaingiza yake bila kuchemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza yake ikiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya kwake ilikuwa imeganda na ya mwenzake ilikuwa bado uji mzito. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya sekondari ya juu, akauliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu: kila akikosea hesabu, hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lake, safari hii akiwa ameshalinoa: vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Sikiliza swali lilivyotengenezwa. Maziwa yameondoka, sukari imeondoka, kiasi kimesawazishwa, namba zimewekwa. Kijana wa shule alikuwa amelisafisha swali la friji mpaka mtu yeyote duniani angeweza kulirudia. Wenzake walicheka. Osborne hakujifanya anajua. Aliahidi kwenda kupima, na kwa maelezo yake mwenyewe wala hakuamini kama lingetokea. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi. Unamwona yule mwanafunzi wa pendulamu na kifutio chake? Amekua, ameajiriwa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao kwenye jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Wazee wa zamani, Aristotle miongoni mwao, walishaligusia kwa namna zao, lakini jina lilikwenda kwa kijana.

Hapo ndipo tunapoharibu. Tunamaliza kwa shangwe: mwanafunzi alikuwa sahihi, walimu walikosea. Ukweli una kona zaidi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha utafiti wao nchini Uingereza. Walipima upya kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba athari hiyo ipo kwenye maji. Walionyesha hata kwamba tofauti ya sentimita moja hivi katika kimo cha vipimajoto inaweza kukufanya udhani umeiona. Wanafizikia wengine wanaendelea kuitafuta kwenye mifumo mingine kabisa, na ubishi haujaisha.

Wapo wanaoona kutaja hili ni kumvunjia heshima Mpemba. Mimi naona kinyume. Zaidi ya nusu karne baada ya swali lile, watu wenye maabara za kisasa bado wanajibu hoja ya mwanafunzi wa kidato kwa kutumia vipimajoto, wakati wale walimu walimjibu kwa kicheko. Kama mwishowe itathibitika kwamba maji ya moto hayagandi kwanza, Mpemba atakuwa bado alifanya kilichompasa: aliona, hakukubali kunyamazishwa, akalipunguza swali mpaka likapimika. Na tukimfundisha mtoto kwamba shujaa wa sayansi ni yule aliyeibuka mshindi tu, tunamrudisha kwenye kupika data kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo, kwa sababu kisingizio cha kukosa maabara kimezoeleka mno. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 na akaishi Braunschweig, Ujerumani, zama ambazo vyuo vikuu vya huko vilikuwa havipokei wanawake. Kazi yake ilikuwa nyumbani, kulea wazazi wagonjwa. Akiwa jikoni alivutiwa na jinsi uso wa maji unavyobadilika ukiingia mafuta au sabuni, akajitengenezea karai la bati, kipande cha bati cha kukusanyia kinachoelea juu ya maji, na mizani yenye kifungo kidogo kinachogusa uso wa maji ili kupima nguvu inayohitajika kukibandua. Mwaka 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Uingereza, na Rayleigh akaipeleka kwenye jarida la Nature, ikachapishwa mwaka huohuo. Irving Langmuir aliendeleza njia yake ile ya karai, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wake wa kemia ya nyuso za vitu. Pockels, mwaka huohuo, alipewa shahada ya heshima na chuo cha mji wake.

Mwanafunzi anayetaka kugusa alichogusa Pockels anahitaji sarafu, kitu cha kudondoshea maji na tone la sabuni. Adondoshe matone ya maji juu ya sarafu, tone moja moja, akihesabu, mpaka yavimbe kama lenzi na kumwagika. Aikaushe, apake sabuni kidogo sana, arudie. Idadi itashuka, na atashangaa kwa kiasi gani. Kisha aanze kusumbua: maji ya moto je? Ya chumvi? Upande wa pili wa sarafu? Je, kudondosha kutoka juu zaidi kunabadilisha? Kila swali abadilishe kitu kimoja tu, vingine aviache vilevile. Hii kanuni moja ikimkaa, nyingine zote zitamfuata.

Kuna udadisi nisioutetea, niseme wazi. Umeme wa ukutani si wa kuchezea. Dawa za kusafishia zenye klorini hazichanganywi na siki wala amonia, kwa sababu zinatoa gesi yenye sumu, na gesi haiulizi kama nia yako ilikuwa kujifunza. Mtoto mdadisi aambiwe hilo mapema na kwa sababu zake, siyo kwa vitisho.

Najua walimu watasema mtaala ni mrefu na mtihani hausubiri. Nawaelewa, mwenye darasa lililofurika hawezi kumwachia kila mmoja mshumaa wake. Ombi langu ni dogo kuliko hilo. Katika yale majaribio mliyokwisha kuyapangia muda, toeni alama kwa ubashiri ulioandikwa kabla ya kupima, hata kama haukutimia, na toeni alama nyingine kwa anayeeleza kwa nini namba yake imepishana na ya kitabu. Mwenye 9.4 na maelezo ya zile sentimita 4 apate zaidi ya mwenye 9.8 asiyejua imetoka wapi.