Gari dogo kwenye barabara ya Oodnadatta: hatari iko wapi hasa?

Kutoka Marree hadi Marla, katika jimbo la Australia Kusini, kuna takriban kilomita 620 za barabara ya vumbi iitwayo Oodnadatta Track, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya reli ya zamani ya Ghan iliyofungwa mwaka 1980. Anayekusudia kuipita kwa gari dogo la kawaida, tuseme Corolla, hupata majibu mawili. Wapo wanaomwambia asithubutu bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na wapo wanaomhakikishia kwamba wao wameipita bila hata pancha moja. Kila upande una hoja, ila kwa maoni yangu wote wanabishana kuhusu nguvu ya kuvuta, ilhali katika barabara hii, ikiwa kavu, nguvu ya kuvuta ndiyo inayohitajika kwa nadra kuliko vyote.

Wanaoruhusu wana historia upande wao. Mashindano ya magari ya Redex ya mwaka 1953, yaliyopita katika barabara mbovu za nchi hiyo, yalishindwa na Peugeot 203, gari la familia. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa, kwani mwaka huohuo ndipo yalipoanza mashindano ya Safari, na baadaye Peugeot 404 ikayashinda mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Pia ni kweli kwamba greda likishapita na mvua isiponyesha, barabara ya Oodnadatta huwa pana, ngumu na tambarare. Hata hivyo, magari yale ya zamani yalisimama juu zaidi ya ardhi na matairi yake yalikuwa na kuta ndefu, wakati gari dogo la leo lina nafasi ya takriban sentimita 14 tu chini ya tumbo lake, na mara nyingi limevishwa matairi mapana yenye kuta fupi.

Hapo ndipo balaa huanzia. Eneo hilo limejaa mawe madogo yenye ncha, na tairi lenye ukuta mfupi likibanwa kati ya jiwe na rimu hupasuka ubavuni, mahali ambapo hapazibiki. Dereva akifungua buti, akatoa mabegi yote na kuyapanga vumbini, huenda akakuta tairi la akiba ni lile jembamba lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, au akakuta chupa ya dawa ya kuziba pancha tu. Uso wa barabara nao hujikunja kama bati la kuezekea. Mtetemo wake hulegeza nati na kuua shokabu, na humshawishi dereva kuongeza mwendo kwa sababu gari likikimbia huhisi limetulia, kumbe limepoteza mshiko. Wenye uzoefu hupunguza upepo kidogo katika matairi na mwendo pamoja nao, na huwasha feni ya kuingiza hewa ya nje huku madirisha yamefungwa, ili hewa iliyojaa ndani ilizuie vumbi lisipenye milangoni.

Wanaokataza, kwa upande wao, wana hoja nzito zaidi, nayo ni umbali. Marree hadi William Creek ni kilomita 200 hivi, William Creek hadi Oodnadatta karibu kiasi hichohicho, na kuendelea hadi Marla vilevile, na katikati hakuna duka wala mtandao wa simu. Kwetu gari likiharibika porini, kwa kawaida haupiti muda mrefu kabla bodaboda au mchungaji hajatokea. Kule kiangazi mtu anaweza kukaa siku nzima asione gari. Desemba 1963 familia ya watu watano ilikufa kwa kiu katika eneo la barabara jirani ya Birdsville, baada ya kuishiwa petroli na kuliacha gari lao. Msiba ule ungeweza kuipata familia yenye gari la aina yoyote.

Kwa hiyo mwenye gari lake mwenyewe, mwenye matairi mawili kamili ya akiba, maji ya siku kadhaa na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, simwiti mzembe akipita wakati wa kipupwe. Wa gari la kukodi ni suala jingine, kwa sababu mikataba mingi hukataza barabara za vumbi kwa magari ya kawaida, na bima ikishabatilika, gharama ya kuvutwa mamia ya kilomita humwangukia yeye. Mvua nayo hubadilisha hesabu yote: udongo hugeuka utelezi, na mamlaka huweza kuifungua barabara kwa magari ya kuvuta kwa magurudumu manne pekee, au kuifunga kabisa. Mwenye gari dogo ambaye ratiba yake haimruhusu kusubiri siku tatu Marree hadi pakauke, ningemshauri apite barabara ya lami.